Fedha za miti, Baba Neema

Uyole, Mbeya

Kamwene Baba Neema,

Nimefurahi mno kusikia kwamba miti yenu ya Mafinga imeuzwa, tena ikiwa imekomaa. Tunawajua wangapi waliokata misindano, hii mipaina yetu ya mbao, ya miaka minane kwa sababu Januari imefika na ada haipo? Mnunuzi anaijua shida hiyo, ndiyo maana bei ya miti michanga huipanga yeye. Wewe na shemeji mmevumilia. Hongereni sana.

Umeniuliza kama fedha zote mnunue shamba jingine mpande tena. Nakujibu moja kwa moja: si zote. Ardhi naipenda kama unavyoipenda, na misindano inamlipa anayeweza kuisubiri. Lakini anayeweza kuisubiri ni yule ambaye ada, matibabu na chakula vinatoka kwingine. Mkizika kila shilingi ardhini, Neema akiingia chuo nanyi mtamwita mnunuzi kabla ya wakati. Na moto wa kiangazi hauulizi shamba ni la nani.

Kwa hiyo kaeni wawili na daftari, muandike kila hitaji kubwa na mwaka wake. Fedha za ada ya mwaka huu na mwaka ujao msizifunge popote. Ziwe kwenye akaunti ya akiba, au Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, taasisi ya Serikali inayowekeza fedha za watu kwa pamoja, ambako mtu huuza vipande vyake, yaani sehemu yake ya mfuko, akalipwa ndani ya siku chache za kazi. Za dharura zikae humo humo. Sisi na Mama Tumaini tumetenga za matumizi ya miezi sita, na za VICOBA, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, hatuzihesabu, maana hisa zinasubiri kuvunjwa kwa mzunguko na ugonjwa hausubiri.

Zile ambazo hamtazigusa kwa miaka kadhaa, ningezipeleka kwenye hatifungani za Serikali, yaani unaikopesha Serikali kwa miaka maalumu nayo inakulipa riba. Benki Kuu huziuza kwa mnada, zipo za miaka 2 hadi 25, na unaanza na shilingi 1,000,000. Riba inaingia kwenye akaunti yako kila baada ya miezi sita, na hapo ndipo ninapozipendea: mzazi anajua mapema ni mwezi gani fedha itaingia, hata akapanga ada kwa kuifuata. Ukibanwa unaweza kuiuza kabla ya muda kupitia Soko la Hisa la Dar es Salaam, ila bei ya siku hiyo inaweza kuwa chini ya uliyonunulia. Chagueni miaka inayolingana na daftari lenu.

Wanaokupigia simu wakiahidi kuzidisha fedha kwa mwezi, usiwape hata nauli.

Zinazobaki, nunueni shamba, na hapa nakusihi kama ndugu: liandikwe kwa majina yenu wote wawili. Hati ya hakimiliki ya kimila, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, inaweza kutolewa kwa mume na mke kwa pamoja. Najua wazee watanung'unika. Waache wanung'unike sasa, ukiwa hai wa kuwajibu, kuliko shemeji aje kuburuzwa kwenye baraza peke yake.

Mkija Mbeya, njooni wote wawili na vitambulisho vyenu vya NIDA, tupite benki kuulizia akaunti ya hatifungani. Daftari alishike shemeji.

Ndugu yako,
Baba Tumaini