Lami hamkuiandika

Ndugu Mhariri,

Miaka yote nimesoma gazeti lako nikanyamaza. Ila habari ya wiki iliyopita, ya pumba za mpunga kugeuzwa gesi kwa kichocheo cha nikeli (madini ya kuharakisha kazi hiyo), imenishinda. Koti jeupe, vioo vinang'aa, na neno lami, ule uji mweusi wa kunata unaotoka pamoja na gesi pumba zikiungua, halimo hata mara moja.

Nina mashine ya kukoboa hapa Ubaruku, Mbarali. Gunia la kilo 100 za mpunga huniachia kama kilo 20 za pumba, kwa hiyo gesi hiyo naitaka kuliko mwandishi wenu. Niliwahi hata kuinunua. Walikuja jamaa na tanuri, wakasema pumba zikiungua kwa hewa ya kubania hutoa gesi ya kuendesha injini. Ikaendesha kweli! Tukakoboa, tukapiga makofi, wakapiga picha wakaenda zao. Siku ya tisa injini ikakohoa, ikazima. Fundi kuifungua, valvu zimegandiana, nyeusi tii, kama zimemwagiwa sukari guru iliyoungua. Nikapiga simu. Eti hapo ndipo pangehitaji kichocheo, kivunje lami iwe gesi kabla haijafika kwenye injini. Kiko wapi? Hakikuwemo kwenye bei! Tena nikeli yenyewe huvikwa masizi, salfa ikiigusa inakufa nguvu, sharti itolewe ihuishwe. Nani wa kuihuisha Ubaruku, muuza maandazi? Lipo jiwe la dolomaiti, likichomwa nalo huvunja lami kwa bei ya mawe, lakini jiwe halipendezi pichani. Na majivu, ambayo ni kama sehemu ya tano ya pumba zote, niliyasomba mwenyewe kwa toroli.

Halafu tunasemwa kwamba tunachoma pumba ovyo. Mwaka jana niliitwa ofisini kwa lundo langu moja, huku matanuri ya matofali yakifukiza shule usiku kucha kwa pumba hizo hizo, na faini nikalipa mimi. Risiti mpaka leo sijaiona.

Ushauri wangu: mtafiti yeyote anayetaka kutoka gazetini aje kwanza kwangu wiki mbili za mavuno. Nitampa brashi ya waya, lita tano za mafuta ya taa na bomba langu la inchi mbili, alikwangue hadi aone mwanga upande wa pili. Kisha mpigeni picha, viganja tu.

Bomba bado ninalo, liko nyuma ya stoo.

Mkoboaji,
Ubaruku