Kijana wako atageuzaje gari barabarani bila kuingia mtaroni?

Wazazi wengi wanaotuletea vijana hapa Kigoma hueleza tatizo lilelile: mtoto akienda mbele anaendesha vizuri, ila akiambiwa ageuze gari anababaika, na gari linabaki limeziba njia. Mara nyingi amefundishwa kuzungusha usukani kabla ya kujua kulitawala gari kwa miguu.

Gari dogo kama IST au Passo huhitaji duara lenye upana wa mita 9 hadi 11 ili ligeuke mara moja. Barabara nyingi za mitaa yetu hazifiki upana huo, na kando kuna mtaro usiofunikwa. Hapo lazima ageuze kwa hatua tatu.

Kabla ya kuingia barabarani awe ametimiza miaka 18, awe na leseni ya kujifunzia, gari liwe na alama ya L mbele na nyuma, na pembeni yake aketi mtu mwenye leseni. Mazoezi yaanzie uwanja tambarare, na jambo la kwanza ni kulifanya gari litambae. Kwenye gari la otomatiki, mguu ubaki kwenye breki akiilegeza kidogo kidogo, mafuta yasiguswe. Kwenye gari la klachi, aiachie taratibu mpaka gari lianze kuvuta, aishikilie hapohapo. Gari liende polepole, mikono ndiyo ifanye haraka.

Sasa kugeuza kwenyewe. Asimame ukingo wa kushoto, aangalie vioo vyote, kisha ageuze kichwa atazame nyuma ya bega la kulia, kwa sababu bodaboda hupita upande huo na kioo hakimwonyeshi. Awashe indiketa ya kulia. Gari likianza kutambaa, akate usukani wote kulia. Ikibaki kama mita moja kufika ng'ambo, aanze kuurudisha kushoto gari likiwa bado linasogea. Kuuzungusha gari likiwa limesimama kunakula matairi na kuchosha mfumo wa usukani. Ukingo ukianza kufichwa na boneti, asimame na kuvuta hendibreki. Hendibreki hiyo msiidharau: barabara huinuliwa katikati ili maji yatiririkie pembeni, kwa hiyo gari nalo huvutwa kuelekea mtaroni.

Aweke rivasi, atazame tena kulia na kushoto, kisha arudi nyuma akiwa amekata usukani wote kushoto, akiwa amegeuza kichwa na kutazama nje kupitia kioo kikubwa cha nyuma ya gari. Kamera haitoshi, haimwonyeshi vizuri bajaji inayokuja kutoka pembeni. Kabla ya kusimama aanze kukata kulia. Hendibreki tena, atazame tena, kisha aende mbele na kushika upande wake wa kushoto.

Hatua ya rivasi inaweza kumletea ajali anayejifunza. Kijana hupigiwa honi, akashtuka na kukanyaga mafuta badala ya breki. Mwingine huhamisha gia kutoka D kwenda R gari likiwa bado linasogea, na hilo huumiza giaboksi. Mwambieni mapema kwamba akipigiwa honi, jibu lake ni kusimama.

Gari linalokuja kwa kilomita 50 kwa saa hukata karibu mita 14 kila sekunde. Kwa hiyo asigeuze kwenye kona, juu ya kilima, karibu na makutano wala penye reli. Mteremko wa Lumumba kuelekea stesheni si mahali pa kujifunzia. Penye uchochoro mtulivu upande wa kushoto, ni salama zaidi aupite, arudi nyuma aingie humo, kisha atoke akitazama mbele.

Mzazi anayetaka kuendeleza mazoezi uwanjani apange madumu matupu ya lita 20 katika safu mbili zilizoachana mita 7. Kijana akiweza kugeuza mara tano mfululizo bila kugusa dumu, zisogezwe zibaki mita 6. Akishaziweza hizo, mleteni tumtoe barabarani asubuhi mapema, kabla bodaboda hazijawa nyingi.