Aftamaketi na feki ni vitu viwili, msituchanganyie

Mhariri,

Makala yenu ya spea za magari ya zamani nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikamsomea fundi wangu akiwa chini ya gari, na wote wawili tumekwama palepale, pale mliposema kitu chochote ambacho hakijatoka kwenye boksi la kampuni iliyounda gari, yani aftamaketi, ni feki na mwenye gari asikifunge. Gari langu ni la mwaka 1997, naliendesha kila siku na nalipenda, na ningefuata ushauri huo lingekuwa limeshasimama miaka mingi iliyopita.

Kwanza tuelewane, kampuni ya gari haitengenezi kila kitu kilichomo kwenye gari. Plagi, shokapu, beringi, wota pampu, sensa, vingi inatengenezewa na wengine. Denso walikuwa ndani ya Toyota mpaka 1949 ndo wakatengwa wakawa kampuni yao, Aisin wanatengeneza wota pampu na klachi, KYB wanatengeneza shokapu, NGK plagi, Bosch wako kwenye magari ya Ulaya toka zamani. Sasa kitu kilekile kinaweza kutoka kiwandani kikaenda njia mbili, kimoja kinaingia kwenye boksi lenye nembo ya gari na kingine kwenye boksi la aliyekitengeneza, na hicho cha pili kinauzwa bei ya chini. Wakati mwingine ukikifungua unaona kabisa sehemu iliyokuwa na nembo ya gari imesagwa. Hiyo nayo mnaiita feki? Afu kuna kampuni ambazo hazijawahi kumuuzia muunda gari chochote, zenyewe zinapima spea ya orijino na kutengeneza inayofanana nayo, hapo ndo unakuta nzuri na mbovu zimechanganyika. Feki ni mwizi, ni yule anayechapisha boksi la mtu mwingine na kutia takataka ndani, na huyo mwizi haibi jina la aftamaketi isiyojulikana, anaiba jina linalouzika, kwa hiyo hata boksi la kampuni ya gari analichapisha vilevile.

Mimi si mtetezi wa vitu rahisi, nimeumia navyo. Kwenye injini yangu wota pampu inazungushwa na taimingi belti, ule mkanda unaofanya valvu na pistoni ziende pamoja, yani kuifikia lazima ufungue upande mzima, uvue belti za nje, puli, makava, ndo uione. Niliwahi kufunga pampu ya bei ya chini ya jina ambalo hata fundi hakulijua, muuzaji akaniapia kwamba ziko sawa tu, na kwa miezi minne kweli zilikuwa sawa. Mwezi wa tano beringi ikaanza kulia, sili ikaachia, maji ya rejeta yakaloanisha belti mpya kabisa niliyokuwa nimeifunga siku ileile na pampu. Tukafungua upya, belti ikatupwa, kulanti (hayo maji ya rejeta) ikamwagwa, fundi akalipwa kazi ileile mara ya pili, na nilishukuru kwamba gari halikuchemsha nikiwa safarini maana hapo ningekuwa nazungumzia kuungua kwa hedi gasketi, ile sili kubwa ya injini. Nilichofunga mara ya pili hakikuwa cha boksi la kampuni ya gari, kilikuwa cha boksi la aliyetengeneza ile pampu ya kwanza iliyokuja na gari, na tulipoziweka pamoja mezani zilikuwa na alama zilezile kwenye chuma. Mpaka leo inazunguka.

Kwa hiyo swali ninalojiuliza dukani ni moja, hiki kitu kikifa ghafla nini kinatokea? Taa ya ndani ikifa nakaa gizani, basi. Bampa la aftamaketi likikaa na upenyo wa milimita tatu upande mmoja linaniudhi lakini haliniui. Ila boljointi, kiungo kinachoshika tairi, ikichomoka tairi linalala chini ya gari likiwa kwenye mwendo, na kuna injini ambazo taimingi belti ikikatika pistoni zinagonga valvu na valvu zinapinda, hapo sijaribu bahati, nanunua orijino au ya yule aliyemtengenezea. Sensa nazo naziweka kundi hilo japo haziui mtu, maana sensa ya hewa ya bei rahisi inasoma uongo, gari linakula mafuta, taa ya cheki injini inawaka na fundi anaanza kubadilisha vitu vizima akitafuta kosa ambalo liko kwenye kitu kipya.

Breki ndo zinanifanya niandike barua hii hasa. Kuna kanuni ya Umoja wa Mataifa inayoitwa R90, inataka breki pedi za kubadilishia zifanye kazi kwa tofauti isiyozidi asilimia 15 na zile za orijino, na pedi iliyopita imegongwa herufi E ndani ya duara ikiwa na namba 90R. Hiyo ni aftamaketi iliyopimwa. Mtu mkimwambia pedi zote za namna hiyo ni feki, na za orijino kwa gari lake la miaka 25 hazipatikani au zinamshinda, hatanunua chochote, ataendelea na zile zilizoisha mpaka chuma kisage diski. Nimeyaona magari hayo gereji, nimeona shokapu zilizokufa miaka mitatu mwenyewe akisubiri hela ya jenyuini, yani orijino, huku gari linarukaruka kwenye kona na tairi zinalika vipandevipande, na watoto wamo ndani.

Halafu hilo boksi lenyewe mnaloliamini nalo lina umri. Gari likizeeka kampuni inaacha kutengeneza baadhi ya spea, kinachobaki ni kile kilicholala stoo, na mpira unazeeka hata ukiwa haujafungwa. Niliwahi kununua sili ya krenki (ule mpira unaozuia oili ya injini isivuje) jenyuini kabisa, boksi limefifia rangi, nikaifunga kwa furaha na ikavuja wiki hiyohiyo kwa sababu mdomo wake ulishakauka.

Mngetusaidia zaidi mngetufundisha kuangalia. Tembea na spea ya zamani mkononi uilinganishe, tumia namba ya chesisi kutafuta namba ya spea badala ya kusema tu jina la gari, tazama maandishi yamechapwaje. Plagi ya iridiamu ya Denso au NGK ncha yake ya katikati ni nyembamba sana, ya Denso Iridium Power milimita 0.4 na ya NGK Iridium IX milimita 0.6, ukikuta boksi linasema iridiamu na ncha ni nene kama ya plagi ya kawaida rudisha hapohapo.

Ombi langu ni dogo, kwenye toleo lijalo lirekebisheni hilo neno. Mkiandika feki mwandike kuhusu feki, na mwenye pedi zenye alama ya 90R mumwambie azifunge leo.

Msomaji wenu, mwenye gari la 1997