Meno ya siku moja si ya kila mtu, tuambiwe ukweli

Mhariri,

Naomba nafasi niseme juu ya haya matangazo ya meno ambayo sai yamejaa Facebook, ati unaingia asubuhi kibogoyo na jioni unatoka na meno kamili. Inawezekana, sikatai, lakini si kwa kila mtu, na wazee wetu wanaambiwa nusu ya habari tu.

Shangazi yangu aliwekewa implanti, zile skrubu zinazoingizwa kwa mfupa zishike meno ya bandia, taya ya juu kwa kliniki moja hapa mjini na akafungiwa meno siku hiyohiyo. Hakuna mtu alimwambia kwamba hayo ni ya muda tu, ya plastiki, na kwamba kwa wiki kadhaa ale vitu laini, uji, mayai, ndizi za kuponda. Akarudi Kayole akaendelea na githeri na mahindi choma, na nani atamlaumu, si meno ndio hayo amelipia? Baadaye skrubu moja ikaanza kucheza, akiigusa na ulimi anaskia inazunguka. Ikabidi itolewe.

Implanti nyingi ni za titani, na mfupa lazima ukue uishike. Ikitikisika kabla ya hapo, hata kule kutikisika kusikoonekana na macho, inaweza kuzungukwa na nyama laini badala ya mfupa na haitashika tena. Ndio maana Brånemark, yule mtafiti wa Uswidi aliyemwekea mgonjwa wake wa kwanza mwaka wa 1965, alikuwa anaziacha zipone bila meno miezi 3 kwa taya ya chini na miezi 6 kwa ya juu, ambako mfupa huwa mwororo zaidi. Tangu hapo utaalamu umesonga sana, siku hizi implanti 4 au zaidi zikiingia zikakaza vizuri, madaktari wengi wanataka kama nyutoni sentimita 35, kipimo cha nguvu ya kukaza skrubu, halafu ziunganishwe na daraja moja gumu, yaani safu ya meno iliyoshikana, mgonjwa anaweza kupewa meno ndani ya wiki na yakakaa, hasa taya ya chini. Lakini hiyo ya kukaza inajulikana siku ya upasuaji yenyewe! Sasa mtu anaahidije kwa tangazo kabla hajagusa mfupa wa mgonjwa? Na kama mgonjwa ana kisukari kisichotulia, ama anavuta sigara, ama anasaga meno usiku, je?

Kliniki zituambie kabla hatujalipa deposti: haya meno ya kwanza ni ya muda ama ya kudumu, implanti zisipokaza tunafanya nini, na bei ya yale ya mwisho iko ndani ama ni pesa nyingine. Iandikwe kwa karatasi, kwa Kiswahili, mzee aende nayo nyumbani. Na nyinyi mnaopeleka wazazi, daktari akisema tungoje miezi mitatu msimkimbie mkatafute mwenye kuahidi leo leo, mwambieni amrekebishie mzee meno yake ya kuvaa na kuvua yasikandamize pale penye implanti, atakula nayo huku mfupa ukishika.

Msomaji wako,
Kayole, Nairobi