Mtoto aliyerudi kutoka bwenini

Ndugu Mhariri,

Kamishna wa Elimu alipozuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne mwaka 2023, wengi tuliuliza nani atabaki nao nyumbani. Wachache tuliuliza walikuwa wakiishije huko. Mjukuu wangu wa miaka saba alirudi akikojoa kitandani na kulalamikia tumbo kila Jumapili jioni, nasi, kwa ujinga wetu, tulimchapa kabla ya kumsikiliza. Mtoto wa umri huo hana maneno ya kueleza hofu yake, hivyo mwili humsemea.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa haki ya kuishi na wazazi au walezi wake, lakini hilo halitimii kwa kulala paa moja na baba anayeondoka alfajiri na kurudi mtoto amelala, huku malezi yakiachiwa dada wa kazi anayebadilishwa kila mara. Sisemi kwamba nyumba ya mama peke yake, au ya bibi, ina upungufu. Mjukuu wangu ametulia kwangu kwa kuwa anayemwogesha na kumuuliza habari za shule kila jioni ni mtu yule yule. Walimu wa madarasa ya awali nao wafundishwe kuzitambua dalili hizi, maana katika nyumba nyingi fimbo bado ndiyo dawa ya kwanza.

Bibi wa wajukuu watano,
Morogoro