Kuzaa Programu si Kazi: Barua kwa Vijana wa Kompyuta wa Nyanda za Juu Kusini

Wanangu mnaosoma na mnaofanya kazi za kompyuta Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe,

Kamwene. Na ninyi wa upande wa Rungwe na Kyela, ugonile.

Nawaandikia kutoka Uyole, ambako nimeishi tangu nilipostaafu kazi ya ufundi umeme. Kompyuta ya kwanza niliifungua kwa bisibisi mwaka 1996, na tangu siku ile mapenzi yangu kwa mashine hizi hayajapungua. Mezani kwangu ipo kompyuta mpakato ya mtumba niliyoiwekea Linux, mfumo endeshi wa bure, baada ya mmiliki wake wa awali kuambiwa kwamba imeshazeeka na haifai tena, nayo inafanya kazi zangu zote bila kulalamika. Natanguliza jambo hilo ili anayesoma barua hii asidhani kwamba ni mzee mwingine anayewalaumu vijana kwa kushinda kwenye kioo.

Miezi michache iliyopita nilialikwa katika chuo kimoja cha nyanda zetu kusikiliza wanafunzi wa mwaka wa mwisho wakiwasilisha miradi yao. Niliona mfumo wa kusimamia zahanati, mfumo wa kukusanya ada za shule, mfumo wa kuwaunganisha wakulima wa viazi na wanunuzi, na mingine ambayo ilinifurahisha kwa ufundi wake. Kila aliyemaliza nilimwuliza swali moja: mwakani, wewe ukiwa umeshaondoka hapa, nani atautunza mfumo huu? Hakuna aliyekuwa na jibu, na nilivyoona, hata walimu wao hawakulitegemea swali hilo. Nilirudi nyumbani nikiwa na uzito moyoni, kwa sababu jibu la swali hilo mimi nimewahi kuliona kwa macho yangu.

Miaka kadhaa iliyopita, chama kimoja cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa katika nyanda hizi kilitengenezewa programu na kijana wa palepale kijijini. Kila alfajiri karani alipima maziwa ya kila mfugaji, akaandika lita kwenye kompyuta, akampa mfugaji kikaratasi, na mwisho wa mwezi programu ikapiga hesabu ya malipo ya kila mtu. Ilikuwa kazi nzuri, na ugomvi wa hesabu uliokuwa ukizuka kila tarehe ya malipo ukaisha kabisa. Kisha kijana akapata ajira Dar es Salaam, akaaga, akaenda. Katika msimu wa mvua, siku ya radi, umeme ulikatika na kurudi kwa nguvu, na kompyuta haikuwaka tena. Niliitwa mimi, kwa kuwa ndiye niliyeifunga. Nilipoisogelea diski nikaisikia ikigonga kwa ndani, sauti ambayo kila fundi anaijua na hakuna fundi anayeipenda. Tukampigia kijana simu, naye akatujibu kwa uhakika kwamba nakala rudufu ipo. Ilikuwepo kweli, kwenye folda nyingine ya diski ileile.

Lita za zaidi ya nusu ya mwezi zilipotea. Kilichowaokoa wafugaji ni vikaratasi, tena kwa wale tu waliovitunza. Mama mmoja wa makamo alifungua pindo la kanga mbele yangu na kutoa vyake vyote, vimepangwa kwa tarehe, hakuna hata kimoja kilichokosekana. Mama yule alikuwa ametunza kumbukumbu kwa uaminifu kuliko sisi wawili tuliojiita wataalamu, na neno hilo nalisema kwa kumaanisha, kwa sababu hata mimi siku ya kuifunga mashine sikuuliza nakala itakaa wapi. Wapo ambao hawakuwa na vikaratasi, wakalipwa kwa kukadiriwa, na chama kikarudi kwenye daftari. Mpaka ninapoandika barua hii bado kinatumia daftari. Ukienda kuwashawishi kuhusu kompyuta watakukaribisha kwa chai, watakusikiliza kwa heshima, na hawatakubali.

Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Nataka mlichukue neno hili kama kanuni ya taaluma yenu.

Nchi yetu nzima iliwahi kupita njia ya chama kile. Kompyuta ya kwanza ililetwa nchini mwaka 1965 na kufungwa katika Wizara ya Fedha, na nyingine zikafuata katika mashirika ya umma. Haukupita muda mrefu mfumo wa hesabu za Serikali ukaanza kutoa matokeo yasiyoaminika, huku wataalamu wa kuutunza wakiwa wageni kwa sehemu kubwa, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Marufuku hiyo ililegezwa polepole, na ilikuwa miaka ya 1990 ndipo mlango ulipofunguka kabisa. Vijana wengi ninaowasimulia habari hii hucheka na kuwaona viongozi wa wakati ule kuwa washamba. Mimi siwaoni hivyo. Walikuwa wamenunua kitu cha gharama kubwa ambacho hapakuwa na watu wa kutosha wa nyumbani wa kukilea, na walipochomwa nacho wakafunga mlango, kama wale wafugaji walivyofunga wa kwao. Kila mfumo mnaouanzisha na kuutelekeza katika shule au zahanati ya wilaya zetu unaacha nyuma yake watu wasiotaka tena kusikia habari za mifumo, na kijana atakayekuja baada yenu na kitu kizuri zaidi atakuta mlango umefungwa.

Mnapotafuta watu wa kuiga, watazameni walezi. Linus Torvalds alianza kuandika kiini cha Linux mwaka 1991 akiwa mwanafunzi wa miaka 21 huko Helsinki, na jambo linalonishangaza zaidi ni kwamba zaidi ya miaka 30 baadaye alikuwa bado kazini, akipokea na kukataa marekebisho ya watu wengine. Upo pia mfano ambao kila mmoja wenu anatembea nao mfukoni bila kujua. Majina mliyohifadhi kwenye simu na ujumbe wenu wa WhatsApp hukaa ndani ya hifadhidata ndogo, yaani programu ya kupanga na kutunza kumbukumbu, iitwayo SQLite, iliyoanzishwa mwaka 2000 na Mmarekani Richard Hipp. Imo karibu katika kila simu janja duniani, lakini wanaoitunza ni watu wachache wanaoweza kukaa kwenye meza moja, nao wameahidi kuihudumia hadi mwaka 2050. Hebu tafakarini ahadi ya namna hiyo. Ni nani kati yetu amewahi kumwambia mwenye duka la pembejeo pale Mwanjelwa kwamba programu hii nitakuwa naitazama kwa miaka mitano tu, achilia mbali hamsini?

Najua mtaniuliza kuhusu akili mnemba (AI), maana siku hizi hakuna mazungumzo ya kompyuta yanayofika mwisho bila kuitaja. Nimeitumia, na ninaikubali. Kazi ya kuandika programu ambayo ingenichukua wiki inaweza kukamilika jioni moja, japo huwa narudia kuisoma mstari kwa mstari na mara kwa mara nakuta kosa lililojificha vizuri. Wengi wenu mna hofu kwamba ajira zitakwisha. Mimi naona kwamba kilichorahisishwa ni ule uzazi, ambao tangu mwanzo haukuwa sehemu ngumu. Kazi ya kujua kwa nini malipo ya mfugaji fulani yamepungua kwa lita mbili, ya kwenda mpaka kwenye mzani na kugundua kwamba karani mpya anaandika nukta mahali pasipostahili, bado inahitaji mtu anayeijua mashine na anayewajua watu. Kwa hiyo jifunzeni kusoma programu zilizoandikwa na wengine, hata zile za zamani zisizopendeza, kwa bidii ileile mnayoitumia kuandika zenu. Wala msihame lugha ya programu kila mnaposikia kuna nyingine mpya. Mwenye kuijua moja mpaka mizizi atajifunza ya pili kwa mwezi mmoja.

Kuhusu riziki, nimeshauriana na wengi wenu wanaokaa nyumbani na shahada wakisubiri tangazo la ajira, na siwezi kuwaambia kwamba ni jambo jepesi. Ninachokiona nikitembea kutoka Uyole hadi Kabwe ni kazi ambazo hazina mwenyewe. Shule zina kompyuta ambazo hazijaguswa tangu zilipopokelewa. Maduka ya dawa yanaendesha mauzo yote kwenye kompyuta moja isiyo na nakala wala kifaa cha kukinga umeme. Kijana anayeweza kwenda kwa watu kumi wa namna hiyo, akawawekea nakala tatu za kumbukumbu zao, katika vifaa vya aina mbili tofauti, na moja ikakaa nje kabisa ya jengo lile, kisha akarudi kila mwezi kujaribu kama nakala hizo kweli zinafunguka, ana jambo la kuuza. Atalipwa kidogo kidogo na atalipwa kila mwezi. Hilo la kujaribu kuzifungua msilipuuze, kwani nakala ambayo haijawahi kufunguliwa ni tumaini tu.

Mnapowajengea wakulima, tazameni kwanza simu iliyo mkononi mwa mkulima. Wengi wa wazazi wenu kule Makete na Ileje wanatumia vitochi, na hata mwenye simu janja hana bando kila siku. Huduma za nyota na reli (USSD), zile za kupiga namba zenye alama * na #, hazihitaji intaneti, zinapita kwenye mtandao wowote wa simu, na ndizo zilizowawezesha Watanzania kutumiana fedha kwa simu tangu M-Pesa ilipoanza hapa nchini mwaka 2008. Ukurasa wake mmoja hauzidi herufi 182, na ufinyu huo ni mwalimu mzuri, kwa kuwa utakulazimisha kuamua ni nini hasa mkulima anahitaji kujua.

Sasa nizungumze na ninyi mlioko kwenye steshenari, kwa sababu ninyi ndio kompyuta ya watu wengi wa mikoa yetu. Mwanafunzi anayeomba mkopo wa chuo, mama anayetafuta namba ya mlipakodi, kijana anayetuma maombi ya kazi, wote wanakaa kwenye benchi lenu. Nimeona daftari la kaunta lenye majina ya wateja, namba zao za kitambulisho cha taifa na nywila zao, likiwa wazi mbele ya kila anayeingia kutoa fotokopi. Wengine mnawafungulia wateja barua pepe kwa namba zenu za simu, na mwaka unaofuata mteja anashindwa kuingia kwenye akaunti yake mwenyewe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 2023, na inawahusu. Lakini hata kabla ya sheria, mnajua wenyewe kwamba kile kilichowekwa mikononi mwenu ni amana. Mpeni mteja kiti, mgeuzieni kibodi, aandike nywila yake mwenyewe, aondoke nayo kichwani, hata kama foleni itachelewa. Tapeli anayeandika "ile hela tuma kwenye namba hii" anabahatisha. Tapeli mwenye daftari lenu hana haja ya kubahatisha.

Wenye kurasa za habari na video nina neno fupi kwao. Picha ya mtoto wa watu akilia, au ya mgonjwa aliyelala wodini, haifutiki kwa kuifuta kwenye ukurasa wako, kwa sababu nakala zake zimeshafika kwenye simu usizozijua. Ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha, na mkinyimwa, weka simu mfukoni.

Kwa yule kijana aliyeandika programu ya maziwa: najua utaisoma barua hii, kwa maana tunawasiliana. Sikukasirikii. Uliondoka kutafuta maisha kama kila mtu, na hakuna aliyekulipa hata shilingi ya kuilea kazi yako. Ninachokuomba ni kwamba ukija likizo ya Desemba, uje na ule msimbo wa programu yako, upite kwangu Uyole, na tupande wote wawili mpaka kwa wale wafugaji. Hatutawaomba waache daftari. Tutawaomba karani aendelee kuandika kwenye daftari, na jioni tuingize hesabu zilezile kwenye kompyuta, kwa miezi sita, tuone kama vinalingana. Diski mbili za nje nimeshazinunua.

Ni mimi mzee wenu,
Fundi umeme mstaafu,
Uyole, Mbeya