Shukrani kwa mama wa foleni ya kliniki, Njombe

Shikamoo mama. Jina lako sikuliuliza, ila najua ulivaa koti la kijani na ulikuwa unafuma kwa kroshia huku macho yako yakiwa mlangoni kwa nesi. Ilikuwa Julai, baridi ya Njombe mnaijua. Nilikulalamikia kwamba upepo unaoingia chini ya mlango wangu unamkohoza mtoto, na kwamba usiku naingiza jiko la mkaa chumbani. Uliacha kufuma. "Mwanangu, jiko hilo litawaua. Ziba mlango."

Ukanipa bonge la uzi wa sufu na kunianzishia duara la mishono 24, ukasema nizunguke tu mpaka nipate mfuko mrefu unaopita upana wa mlango, wa kulaza chini yake uzuie upepo.

Nilifumua mara mbili. Mara ya kwanza nililegeza mkono, vitambaa nilivyojazia vikachungulia kwenye matundu. Basi nikatanguliza mguu wa suruali kuukuu ndani, nikaujaza mabaki ya vitambaa vya fundi cherehani, na soksi yenye mchanga mkavu kila ncha ili usisogee mlango ukifunguliwa. Mtoto anauita nyoka, na kila jioni ni yeye anayemlaza mlangoni. Kichwa kimepinda kidogo, usinicheke.

Jiko sasa linabaki nje. Kikohozi kimepungua, ingawa dawa nazo alikunywa.

Uzi wako wa bluu umebaki kiasi cha ngumi. Nauweka kwenye mkoba kila siku ya kliniki, labda tutakutana. Kamwene, kama tunavyosalimiana Njombe, mama.